Tela dogo la kulala: choo na bafu la ndani mnalitumia, au mnategemea vya kambini?

Kandambili (Minneapolis)

Wakuu, salaam.

Kila nikituma picha za tela letu kwenye grupu la nyumbani, hakuna anayeuliza habari za milima wala maziwa. Wanauliza choo. Mnajisaidia wapi? Mnaoga wapi? Hako kachumba mtu mzima anaingiaje? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, nimeleta uzi. Wenye matela na wanaofikiria kununua, tukutane hapa.

Kwa mlioko Bongo: tela ninalolisema ni la kulala, futi 17, linavutwa na gari ya familia. Sisi tunavutia Highlander, hiyohiyo mnayoiita Kluger. Ndani kuna kitanda, meza inayogeuka kitanda cha watoto, jiko la gesi, sinki, na kwenye kona choo na bafu ndani ya chumba kimoja. Ukikaa chooni, bomba la mvua liko juu ya kichwa chako. Ukioga kila kitu kinalowa: choo, kuta, mlango, na tishu usipokumbuka kuitoa.

Wamarekani wengi hawakipendi chumba cha namna hiyo. Kuoga umesimama mbele ya choo kwao ni adhabu, ndiyo maana wengi huishia kununua tela la futi 25 ili tu bafu likae peke yake. Mimi nimekulia nyumba ya kupanga Magomeni. Choo na bafu mlango mmoja, sakafu ya saruji, ndoo na kata pembeni, foleni asubuhi. Hiki cha tela angalau hatugombanii zamu na wapangaji wengine.

Sasa tuje kwenye matangi, maana uamuzi wote unatoka huko. Letu lina tangi la maji safi lita 95, tangi la maji ya sinki na bafu lita 115 hivi, na tangi la choo lita 57. Watu wote wanaogopa hilo la choo, wanadhani ndilo litakalowaharibia safari. Kwetu halijawahi kuwa la kwanza kujaa. Choo cha tela hakimwagi lita 6 kila ukiflashi kama cha nyumbani. Unakanyaga pedali, mdomo wa chini unafunguka, maji kidogo yanapita, unaachia. Linalojaa haraka ni la maji ya kuogea. Bomba la mvua la kawaida linatoa lita 7 au 8 kwa dakika. Watu wanne, dakika tatu kila mmoja, umeshatumia lita 90. Maji safi yamekwisha na tangi la bafu linakaribia mdomo, hapo hujaosha hata kikombe. Hita za maji za matela haya nazo nyingi ni za galoni 6, yaani lita 23. Wa kwanza anaimba, wa pili anaharakisha, wa nne anapiga kelele.

Kwa hiyo sisi tumeamua hivi: choo cha ndani tunakitumia usiku na mchana, haja zote, bila woga. Kuoga tunaoga kambini kama kuna mabafu. Kama hakuna, tunaoga ndani kwa ndoo na kata. Unachemsha birika, unachanganya na ya baridi, mtu mzima anatoka msafi kwa lita 7 au 8, yaani maji ya dakika moja ya bomba. Huku watu wanarekodi video kufundishana kuoga kibaharia: lowesha mwili, funga bomba, paka sabuni, fungua, suuza, funga. Yeyote aliyesoma bweni anaweza kuwafundisha bila video.

Ila kambi nazo hazifanani, na wageni wengi wanajikwaa hapo. Kambi za binafsi kama KOA, ambazo zilianzia Billings, Montana mwaka 1962, kwa kawaida zina mabafu ya maji moto, bei imo ndani ya kiingilio. Hifadhi za majimbo nyingi pia zinayo, ila hapa Minnesota Oktoba ikifika maji yanaanza kufungwa na unabaki na choo cha shimo. Hifadhi za taifa ndizo zinazoshangaza watu. Mtu anajua Yellowstone ni maarufu dunia nzima, anadhani kila kambi ina bafu. Kambi ya Madison ina vyoo vya kuflashi na maji baridi, basi. Ukitaka kuoga unaendesha hadi Canyon Village, humohumo Yellowstone, au mahali pengine penye huduma. Grand Canyon, kambi ya Mather, mabafu yapo ila ni ya sarafu na yako jengo la pembeni. Halafu kuna sehemu kama Sage Creek kule Badlands, Dakota Kusini: bure kabisa, choo cha shimo, tone la maji hakuna, na baisoni wanapita katikati ya matela wakijikuna kwenye vioo vya gari. Saa nane ya usiku, kati yako na choo cha shimo kuna mnyama wa kilo 700. Hapo hata anayedharau choo cha ndani anakinyamazia.

Msimamo wangu: kama unanunua tela dogo, lipia choo, usilipie bafu. Wanaopinga waje na hoja.

Tumbili Mstaafu (Dar)

Nimekaa mstari wa mbele na korosho zangu. Kwa hiyo mmevuka bahari, mkapata makaratasi, mkanunua nyumba ya vyoo viwili na nusu, halafu mnalipa hela mkachutame porini?

Kandambili

Hatuchutami mkuu. Ndiyo maana ya uzi mzima.

Mama Pacha (Columbus, Ohio)

Kandambili umeandika kiume. Hizo kuta zikishalowa nani anazifuta? Hiyo ndoo nani anaibeba? Maana kwenye maelezo yako yote sijaona kitambaa.

Nami nina tela la futi 16, mume na watoto wawili pacha, na kwetu sheria ni kinyume na yako. Mchana kila mtu anakwenda choo cha kambi. Ndani ni usiku tu, na ni haja ndogo tu. Sababu si uzungu. Kitanda changu kiko hatua moja na nusu kutoka kwenye choo, mlango wenyewe ni ubao mwembamba unaopitisha kila kitu. Mtu akiingia na shughuli nzito saa ya chai, sisi wengine tunatoka nje kama kuna zimamoto. Halafu unyevu. Mkioga ndani, hata kwa kata, mvuke unapanda kwenye dari, usiku madirisha yanatiririka na asubuhi godoro upande wa ukutani limelowa. Usipofungua tundu la dari na kuwasha feni, mwezi wa pili unaona ukungu mweusi kwenye kona za kabati. Tela letu tulilinunua mkononi, na ukungu wa mwenye nalo wa kwanza ndio uliotupunguzia bei.

Kuhusu mabafu ya kambi, wanaume mnayasifia kwa sababu mnaingia na taulo mnatoka. Mwanamke anaingia na mtoto, sabuni, mafuta, nguo za kubadili, kofia ya kuzuia maji yasifike kwenye rasta, na mle ndani kuna msumari mmoja wa kutundikia na benchi lililolowa. Dawa yake: mfuko wa plastiki mgumu wenye mikono, vaa dera ambalo unalivua na kulivaa kwa mkono mmoja, na ndala usizitoe miguuni hata sekunde, fangasi wa vidole hawaulizi una makaratasi ya nchi gani. Usiende saa moja asubuhi wala saa mbili usiku, hapo ni foleni. Saa nane mchana, watu wako kwenye matembezi, wasafishaji wametoka kupita, unaoga peke yako kama malkia. Sarafu za robo dola weka kwenye kopo maalumu garini, maana mashine nyingine hazikubali noti na kamwe huwezi kupata chenji saa unayoihitaji.

Usiku hata mimi simtoi mtoto nje. Yellowstone ile kambi ya Fishing Bridge hawaruhusu kabisa mahema wala tela lenye kuta za turubai, lazima kuta ngumu, kwa sababu ya dubu. Halafu nimtume mtoto wa miaka sita na tochi? Hapo tuko pamoja.

Kandambili

Dada, kitambaa nakikubali, na feni nakubali. Ila sheria ya "haja ndogo tu" mimi naona inawatesa bure. Tangi la choo halijali umeweka nini, linajali umeweka na maji kiasi gani.

Nyundo ya Chuma (barabarani, leo Amarillo)

Hapo Kandambili kasema neno. Mimi naendesha lori mwaka wa kumi sasa, na likizo nachukua tela langu la futi 19, kwa hiyo vyoo vya nchi hii nimevijua kote kote. Niongeze nondo.

Wenye hofu ya haja kubwa kwa kawaida ni wale waliowahi kuziba tangi, na tangi huzibwa na ubahili wa maji. Mtu anafika kambi yenye mabomba yote, anaunganisha mpira wa maji taka, anaacha koki ya tangi la choo wazi wiki nzima akidhani ndiyo raha. Maji yote yanakimbia, vigumu vinabaki, vinapandana chini ya choo kama kichuguu na kukauka. Siku ya kuondoka anavuta koki, hakuna kinachotoka. Nimemwona jirani Missouri akihangaika na hilo tangu asubuhi hadi saa tisa, mkewe amekaa kwenye kiti cha kukunja anasoma gazeti kama hamjui.

Koki ya choo inafungwa muda wote. Ukishamwaga, rudisha ndoo moja ya maji safi chini ya tangi kabla hujatumia tena. Subiri lifike theluthi mbili ndipo umwage, ili uzito wa maji usombe kila kitu. Anza na la choo, malizia na la bafu, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Glavu. Mpira wa maji taka usikae sanduku moja na mpira wa maji ya kunywa. Taa za ukutani zinazoonyesha tangi limejaa kiasi gani usiziamini sana, kipande kimoja cha tishu kikinata kwenye kihisio taa itakwambia limejaa wakati limetoka kumwagwa. Tishu yenyewe ijaribu nyumbani: weka vipande kwenye chupa ya maji, tikisa. Ikisambaratika, nunua. Ikibaki shuka, waachie wenye nyumba.

Na hii wengi hawaijui: ukitaka kukanyaga pedali, zima kwanza feni ya dari. Feni inavuta hewa, na ukifungua mdomo wa choo njia fupi ya hewa ni kutoka tangini kupitia kwako. Mama Pacha, huenda zimamoto yenu inaanzia hapo.

Kuoga mimi sina shida, navitumia vituo vya malori, Pilot na Love's. Ukiwa dereva unapata bure kwa pointi za mafuta. Asiye dereva analipa, dola 15 kwenda juu, lakini unapewa chumba chako chenye ufunguo, taulo safi, maji moto hadi uchoke. Kwa familia ya watu wanne ni hela nyingi, kwa mtu mmoja ni nafuu kuliko usumbufu wote mnaousema hapa. Vingi vina na sehemu ya kumwagia matangi.

Mama Pacha

Feni! Na ndiyo kwanza tunaiwasha mtu akiingia. Nitajaribu. Sheria yangu haijabadilika lakini.

Abuu Swafiya (Toronto)

Assalaam alaykum. Mmezungumza yote mmesahau kopo.

Kwa sisi tunaotumia maji, choo cha kambi ni mtihani. Kuna tishu tu, bomba liko nje kwenye masinki ya pamoja, na ukiingia umeshika chupa ya lita moja watu wanakutazama kama unakwenda kunywea chooni. Kutia udhu ndiyo zaidi. Ukipandisha mguu kwenye sinki mbele ya mtu anayepiga mswaki, amani ya kambi imeshavurugika. Kwa hiyo mimi naunga mkono choo cha ndani, na hoja yangu haihusu baridi wala dubu.

Vyoo vingi vya matela vinauzwa na kinyunyizio cha mkono pembeni, au unaweza kukiongeza. Wenzetu wanakiweka kwa ajili ya kuoshea bakuli la choo. Sisi tunajua kazi yake nyingine. Na hapa Nyundo kanifurahisha: kama tatizo la tangi la choo ni upungufu wa maji, basi anayestanji kwa maji analisaidia tangi, na tishu zake ni chache. Tangu tununue tela hatujaziba hata mara moja, na nyumba nzima inatumia maji.

Kuhusu kiasi, imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na akioga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, hadi vibaba vitano. Kwa vipimo vya Kishafii kibaba hakifiki lita moja, na vibaba vitano havifiki lita nne. Kwa hiyo Kandambili na lita zako nane bado una nafasi ya kupunguza. Ninachofanya: udhu nautilia juu ya beseni kwenye bafu la ndani, maji yale ya beseni nayamimina chooni. Yanatoka kwenye hesabu ya tangi linalojaa haraka, yanaingia kwenye tangi linalohitaji maji. Josho la lazima ni ndani pia, sina haja ya kutafuta sarafu alfajiri. Na pale yanapobaki maji ya kunywa tu, tayamamu ipo.

Kandambili

Kumimina maji ya beseni chooni, hii sikuwa nayo. Asante sana ustadhi. Inasaidia hata kwa maji ya kuoshea vyombo, mradi uchuje mabaki ya chakula.

Tumbili Mstaafu

Choo cha shimo Marekani hakinuki? Au mnatuficha?

Bwana Afya Mstaafu (Morogoro)

Naomba nijibu hili, nimefanya kazi ya afya ya mazingira kwa miaka mingi na nimepata kumtembelea binti yangu Colorado.

Vile vyoo vya shimo vya kwenye misitu yao ni tangi la zege lililozibwa, haliruhusu kitu kupenya ardhini, linanyonywa na gari. Nyuma yake utaona bomba nene jeusi limepanda kupita paa. Jua linalipasha, hewa iliyomo inapanda, hewa mpya inaingia kwa tundu la ukutani, inashuka kwenye shimo la kukalia na kutokea kwenye bomba. Upepo ukipita juu unaongeza mvuto. Kwa hiyo harufu inakwenda juu badala ya kuja puani. Sisi tulisambaza vyoo vya kanuni hiyohiyo vijijini, na Zimbabwe walikuwa navyo tangu miaka ya 1970, wao waliweka na wavu juu ya bomba: nzi anafuata mwanga, anapanda, anakwama. Ukikuta kinanuka, tazama kwanza mlango. Mtu ameuacha wazi au ameuegeshea jiwe, mzunguko wa hewa umekatika. Cha pili ni taka. Watu wanatupa makopo na nepi mle, na gari la kunyonya linashindwa.

Jambo jingine, hizo dawa za buluu mnazoweka kwenye matangi ya choo. Zile zenye fomaldehaidi zinaua harufu kwa kuua bakteria, na kambi nyingi zina mashimo ya maji taka yanayotegemea bakteria haohao. California wamezipiga marufuku kwenye matela. Tumieni za vimeng'enya, na maji ya kutosha.

Korongo (Arusha)

Mzee shikamoo, somo zuri.

Niwaletee la huku. Wasauzi wanapanda hadi kwetu na matela yao ya njia mbaya, na mgogoro ni huohuo. Serengeti pale Seronera kambi za umma kama Pimbi, Nyani na Dik Dik zina vyoo na mabafu. Ukichukua kambi maalumu, hupewi kitu: hakuna choo, hakuna maji, unapewa eneo na upweke, na inalipiwa zaidi. Simba A pale ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu, mabafu yapo, ila kuoga jioni kwa baridi ile ni ushujaa.

Wengi wao hawana tangi la choo kabisa. Wana choo cha kubeba, lita 20 hivi, kinachomolewa kama sanduku na kumwagwa kwenye choo cha kambi. Ninyi wenye tangi mnamwaga kwenye vituo maalumu. Huku kituo cha namna hiyo usitegemee, kwa hiyo choo cha sanduku ndicho kinachofanya kazi. Usiku hakuna mjadala. Kambi hazina uzio, kabla ya kushuka unamulika tochi duara zima ukitafuta macho. Wageni wangu wenye choo ndani ya tela ndio wanaoamka wakiwa wamepata usingizi.

Nyundo ya Chuma

Hata huku matela madogo kabisa yanakuja na choo cha sanduku. Faida yake unamwaga popote penye choo. Hasara yake linajaa upesi: familia ya watu wanne wanaotumia maji, Abuu Swafiya, utalibeba kila siku kama mzigo wa ndoa.

Shemeji wa Tanga (Houston)

Wakuu naombeni msaada wa haraka, sijanunua bado. Mama mkwe anakuja Julai kutoka Tanga, mke wangu anataka tumpeleke kuona milima. Nimependa tela la futi 17 kama la Kandambili. Lakini nimesoma habari za mlango wa ubao mwembamba nikaishiwa nguvu. Mama mkwe mwenyewe ni wa zamani, hata kula meza moja na mimi anaona tabu. Ataingiaje chooni nami niko hatua moja na nusu nakunywa chai?

Tumbili Mstaafu

Mkuu, mpeleke hotelini ulinde ndoa.

Mama Pacha

Shemeji tulia. Kwanza, usimpeleke kambi isiyo na mabafu. Chagua ya binafsi, na kabla ya kulipa piga simu uulize kama mabafu ni vyumba vya mtu mmoja mmoja vyenye mlango wa kufunga, choo na bafu humohumo. Nyingine zina vyumba vya pamoja vyenye pazia tu, na hapo mama mkwe atakaa siku nne bila kuoga na wewe hutaambiwa. Mke wako aende naye, abebe kopo.

Pili, usiku atakitumia cha ndani, hilo halikwepeki. Kwa hiyo wewe ulale nje. Nunua hema la mtu mmoja, sema unapenda hewa. Wanawake na watoto ndani, mwanaume nje, heshima imekaa.

Tatu, asubuhi ukiamka usigonge mlango wa tela. Nenda kachukue kuni, nenda kavue samaki, nenda popote nusu saa.

Kandambili

Nilikuwa naandika hayohayo. Niongeze: mama wa makamo na kale kakizingiti kanakopanda kuingia bafuni ni hatari, ni kama sentimita 20 na sakafu inateleza. Weka mkeka wa mpira. Na taa ndogo ya usiku isiyozimwa, asipapase ukuta akatafuta swichi.

Abuu Swafiya

Na birika la maji lililojaa pembeni ya choo kabla hajaingia kulala. Asije akaomba.

Nyundo ya Chuma

Kabla hujanunua chochote, Shemeji, nenda uwanja wa matela na mkeo. Ingieni kila tela. Mmoja afunge mlango wa choo, akae kabisa, avute mlango, ajifanye anajisafisha, asimame, ageuke. Magoti yakigonga mlango au kiwiko kikikosa pa kwenda, tela hilo si lenu hata likipunguzwa bei. Muuzaji atakuonyesha redio na taa za nje zinazobadilika rangi. Wewe kaa chooni. Uliza lita za kila tangi na uandike, usikubali jibu la "linatosha." Kisha ujumlishe uzito wa maji, lita moja kilo moja, uone gari lako linavuta nini ukishapakia watu na mizigo.

Shemeji wa Tanga

Wakuu, mrejesho.

Tumekwenda jana. La futi 17 nililolipenda, mimi nikikaa magoti yanagusa mlango, mke wangu anakaa vizuri. Kaniambia basi tatizo ni langu. Tela la pili, futi 18, choo kiko nyuma kabisa upande wa pili wa kitanda, kabati na jokofu viko katikati, na mlango ni mgumu wa komeo. Muuzaji alibaki nje ananisubiri nimalize kukaa, akaniuliza kama niko salama. Tangi la choo lita 75, la bafu lita 110, la maji safi lita 100. Bafu ni humohumo na choo.

Mke kakubali hilo. Hema la mtu mmoja nimeshaagiza. Sasa naulizia kinyunyizio: naweza kukifunga mwenyewe au nitafute fundi bomba?

Abuu Swafiya

Mwenyewe. Funga pampu kwanza na utoe presha kwenye bomba la sinki. Nyuma ya choo kuna mpira wa maji, weka kiungio cha njia tatu pale, dakika ishirini. Kisha washa tena pampu, kiachie usiku mmoja na tishu kavu chini yake, asubuhi utaona kama kinavuja.